Kiti cha Juu ya Injini

Mwezi uliopita tulimzika Maina, fundi wa magari wa Mamboleo, Kisumu. Katikati ya hotuba mwenye kipaza sauti akaninyooshea kidole: huyu mama ni mteja wa zamani, asimame aseme neno. Nikasimama. Nikasema Maina hakuwahi kuniibia hata nati moja, na kwamba nina hakika kwa sababu nilikuwa nazihesabu kabla ya kumpa gari na baada ya kulichukua. Watu wakacheka, hata mjane wake akacheka kidogo, halafu akaendelea kunitazama kama mtu anayengoja sentensi ya pili. Sikuwa nayo mdomoni. Nikaketi, nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba. Jirani yangu, mzee wa kanisa, akaninong'oneza, "Umeongea fupi, Mama, lakini umeongea vizuri." Nilitamani aniambie nimeongea vibaya. Sentensi ya pili ni ndefu, ina mwaka mzima ndani yake, na haiwezi kusemwa watu wakiwa wamebeba sahani.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nauza mitumba mjini Kisumu, kazi iliyonifundisha kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Mwaka huo figo za Mama zilikataa kazi. Daktari akasema atakuwa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na kila Ijumaa, na hakuna mjadala. Nilimuuliza kama Jumanne peke yake haiwezi kutosha. Aliandika tena "Jumanne na Ijumaa" kwa herufi kubwa zaidi. Mama aliishi kijijini Pap Onditi, mbali na mji, katika nyumba aliyoachiwa na Baba. Nilimtafutia chumba Nyamasaria, safari fupi tu hadi hospitali, sakafu ya simenti, maji kwenye mfereji. Alikataa kabla sijamaliza kueleza choo kiko upande gani. "Mimi ni mjane wa watu," akasema. "Nihame nyumba ya mume wangu nikapange chumba kama msichana wa kazi? Nikifia humo, mwenye nyumba ndiye atafungua mlango?" Hakuogopa kufa. Aliogopa kufia kwenye nyumba yenye kodi. Basi kaka yangu Ochieng', aliyekuwa na kazi Nairobi, akatuletea vani ya viti saba, kuukuu, ile aina ambayo injini inakaa chini ya viti vya mbele. Akanipa ufunguo na kurudi zake, nami nikahamia kwa Mama. Tangu siku hiyo maisha ya Mama yakawa na sharti moja: vani iende na irudi. Ikienda bila kurudi, analala nyumba ya watu. Isipokwenda, anakufa nyumbani kwake.

Siku za safari niliamka alfajiri. Jikoni kulikuwa na vitu viwili vya kupima, na vyote vilikuwa maji. Mama aliruhusiwa vikombe viwili kwa siku, vya bati, visivyojaa. Nilivipima, nikavipima tena, kwa sababu kikombe kimoja cha ziada kingeenda kumkaa kwenye mapafu. Alikunywa taratibu, kidogo kidogo, kila funda akilikalia. Halafu nilichukua mtungi wa lita ishirini nikaenda kunywesha gari. Kiti cha abiria kilifunguka kama kifuniko cha sanduku, na pale chini injini ilikuwa imelala, nyeusi, yenye mafuta. Gari lilikunywa bila kuulizwa. Mama alisimama mlangoni amejifunga leso mbili kwa baridi isiyomwisha na kutazama maji yakishuka. "Hiyo hata haishukuru," akaniambia asubuhi moja, nami sikujua kama nicheke.

Maji yenyewe yalikuwa ya mtoni. Sisi watu wa tambarare ya Kano tunajua maji ya mto yana matope, na tunajua dawa yake: unazungusha kipande cha shabu ndani ya mtungi, unangoja matope yazame, unamimina yale ya juu kupitia kitambaa. Nilichuja maji ya gari jinsi Mama alivyonifundisha kuchuja ya kunywa, mara mbili, kitambaa safi. Nilijiona mtunzaji kuliko madereva wote wa Nyakach. Yale maji ya kijani ya kupozea injini yanayouzwa dukani niliyaita sharubati ya matajiri. Hakuna aliyenikataza. Majirani walinisifu, mmoja alisema gari langu linakunywa vizuri kuliko watoto wake. Hivyo ndivyo miezi mitatu nilivyojaza udongo wa nyumbani kwetu ndani ya rejeta, ule mwembamba usioonekana kwa macho, na chumvi ya shabu juu yake, kwa upendo kabisa.

Maina ndiye aliyenifundisha kuogopa kwa mpangilio. Gereji yake ilikuwa uwanja wazi kando ya njia panda ya Mamboleo, mabati matatu na benchi. Alikuwa ametoka Nyeri kijana, akakaa kwetu hadi akajua kutukana kwa Kijaluo bila lafudhi. "Madam," aliniambia siku ya kwanza, "kabla hujaangalia juu, angalia chini." Nikapiga magoti. Tone jeusi ni oili. Tone jekundu ni gia boksi. Tone jeupe, onja kwa kidole. Kama ni tamu au lina kutu, ni la rejeta, na kama halina ladha ni la kipoza hewa, lakini wewe huna kipoza hewa, kwa hivyo usijidanganye. Vuta stiki ya oili, pangusa, ingiza tena, vuta mara ya pili, kwa maana mara ya kwanza hudanganya. Hapo nikampenda, maana alikuwa mtu wa kwanza kunipa sababu ya kuhesabu mara mbili. Bonyeza mipira ya maji injini ikiwa baridi. Sikiliza mkanda. Na usifungue kifuniko cha rejeta gari likiwa moto, hata kama anayekuambia ufungue ni askofu.

Wiki kadhaa kabla ya Pasaka mshale wa joto ulianza kupanda. Ulikuwa ukikaa katikati. Sasa ukifika Katito umepita katikati, na Ahero umekaribia nyekundu. Nilikuwa naendesha macho yangu yakiwa kwenye ule mshale kuliko barabarani. Nikimaliza kilomita moja nahema. Nilijifunza kuwasha kile kipuliza joto ndani ya gari ili kuipunguzia injini, adhuhuri ya Kano, madirisha wazi, jasho likinitiririka hadi kwenye viatu, huku Mama akisema kwa raha, "Leo gari iko na akili." Yeye aliketi mbele, juu ya injini, kwa sababu ndipo penye joto. Kiti kile kilikuwa chake. Aliniambia kilikuwa kama jiko la kuni mtu akiwa ameketi mgongo ukutani.

Nikampelekea Maina. Akafungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, akaniambia niwashe. Mapovu yakaanza kupanda kwenye maji, moja moja, kisha kwa makundi. Akazima. Akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole, akanionyesha: utando mwembamba, rangi ya chai ya maziwa.

"Unaona hii?"

"Naona."

"Hii ni chai. Injini haikunywi chai. Gasketi ya hedi, ile ya kichwa cha injini, imeungua, maji inaingia pahali haifai. Na rejeta imeziba. Ulikuwa unaweka maji gani hapa?"

"Safi. Nachuja."

Akachovya kidole kwenye rejeta, kikatoka na uji wa kahawia. Akakipangusa kwenye suruali. Nafuu angenikemea.

"Niachie hii gari wiki mbili," akasema. "Nifungue, hedi iende isagwe iwe sawa, rejeta ifunguliwe ioshwe."

"Siku mbili."

"Madam."

"Tatu. Nakuletea Jumanne jioni, nachukua Ijumaa asubuhi."

"Hedi peke yake, ile mashine ya kusaga iko na foleni. Siku kumi, nikikimbia."

"Fundi, siku kumi ni safari tatu. Nimbebe kwa mgongo?"

"Kodisha gari."

"Nani atakodi gari kutoka Pap mara mbili kwa wiki? Nne. Siku nne na nakuletea samaki."

Alicheka, lakini hakuwa anafurahi. "Wewe unanunua siku kama nyanya. Unachagua, unabonyeza, unataka nyongeza."

Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, na mwishowe nilipata nilichokuja kutafuta, ushindi. Nilimwambia atafungua injini baada ya Pasaka. Kwa sasa akatoa ile thamostati, kilango kinachozuia maji, kama mafundi wote wa ziwani wanavyofanya kwa hoja kwamba Kisumu hakuna baridi, akaosha rejeta kwa mpira, akakaza hiki na kile. "Hii ni kumfunga mgonjwa kitambaa kichwani," akasema. Halafu, nikiwa tayari nimeketi nyuma ya usukani, nimeshika ufunguo, nikipiga hesabu ya siku nilizookoa, akaegemea dirisha: "Mshale ikipanda, simama. Ikianguka ghafla, simama haraka zaidi." Nikaitikia. Niliisikia ile sentensi ya kwanza. Ya pili niliichukua kama watu wanavyochukua nyongeza: unaitia kwenye mfuko bila kuitazama.

Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani mtu anayeogopa huchagua kitu kimoja cha kuogopa, ili alale. Mimi nilichagua kupanda.

Mvua za Pasaka zilianza mapema. Jumanne moja mto ulivuka barabara, tukakaa pale maji yalipoanzia, magari mengine nyuma yetu, hadi saa sita, tukageuza. Kufikia Alhamisi Mama alikuwa amevimba vifundo na kope, na aliketi kitandani usiku kwa sababu akilala pumzi ilikuwa inakatika. Nilihesabu pumzi zake. Nilihesabu tena nikitumaini hesabu ya kwanza ilikuwa na kosa. Ijumaa alfajiri maji ya barabarani yalikuwa yameshuka. Nikapiga magoti chini ya gari, hakuna tone. Stiki mara mbili. Rejeta ilimeza karibu nusu mtungi, nikajiambia ni kawaida yake. Nikamwinua Mama hadi kwenye kiti chake na tukaondoka.

Katito, mshale juu ya katikati. Ahero, karibu nyekundu, nikapunguza mwendo hadi baiskeli zikatupita, dereva mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Mama, sukuma tu!" Nilikuwa naongea na Mungu kwa lugha ya soko: nifikishe Nyamasaria tu, kutoka hapo nitajua mwenyewe. Tulipokuwa tunakaribia Rabuor, mshale ukashuka. Haukushuka pole pole. Ulianguka, kama mtu aliyeketi. Ukalala chini kabisa, kwenye baridi. Nilipiga usukani kwa kiganja. Nilicheka kwa sauti.

"Mama! Imepoa! Angalia, imepoa kabisa!"

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, akivuta pumzi katikati ya maneno, "kiti kinachoma."

"Si unapenda joto?"

"Leo kinachoma."

"Ni ile baridi yako imeisha. Mshale uko chini, Mama. Chini kabisa."

Nikaongeza mwendo. Namwona hadi leo, pembeni mwa jicho langu, akiinua paja moja, akilishusha, akiinua lingine, akikunja leso ya pili na kuiweka chini yake bila neno. Mama hakujua kusoma ule mshale. Alikuwa amekubali kwamba mimi nakijua kitu asichokijua yeye.

"Kinapita leso mbili," akasema baadaye, na hakuwa ananiambia mimi tena.

Sasa najua, na mtu yeyote mwenye gari ajue: kile kinachopima joto hupima maji. Maji yakiisha, kinabaki kimening'inia hewani, na hewa haikiambii kitu. Mshale huanguka. Gari linaungua na mshale wake unakuambia kuna baridi. Lakini siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba sikuwa naogopa, kwa mara ya kwanza tangu Januari, na sikutaka mtu aniharibie.

Kwanza ilikuja harufu, kama sufuria iliyosahauliwa. Halafu mlio wa chuma kugonga chuma. Halafu usukani ukawa mzito mikononi mwangu na gari likasimama lenyewe kando ya barabara, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wanauza mchele. Nilizunguka mbio, nikamshusha Mama, nikafungua kiti. Hakukuwa hata na mvuke. Kulikuwa na joto kavu lililonipiga usoni na rangi iliyokuwa inachubuka juu ya chuma. Nilimimina maji? Hapana. Mmoja wa wale wanawake alikuja na ndoo, na nilisimama kati yake na injini nikipiga kelele, bila kujua kwa nini napiga kelele, hadi akaweka ndoo chini na kusema kwa mwenzake, "Huyu amechanganyikiwa, shika mama yake." Walimkalisha Mama kwenye gunia. Nyuma ya mapaja yake ngozi ilikuwa nyekundu hadi magotini. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Tuktuk iliyotoka Nyamasaria kuleta abiria ikageuza. Dereva wake, kijana mwenye kofia ya sufu katika jua lile, alimtazama Mama mara moja na kusema, "Ingieni, story baadaye." Kwenye matuta hakupunguza mwendo, akawa anapaza sauti kwa bega, "Mathe, niambie kitu! Mathe, unaitwa nani?" na Mama, ambaye hakuwahi kumjibu mtu asiyemsalimia kwanza, alimwambia jina lake kila tuta. Nililishika jina hilo. Kila likitajwa nilijua bado yupo.

Hospitali mashine yetu ilikuwa imeshapewa mwingine. Tulikuwa tumechelewa, na Jumanne hatukutokea. Sista alisema walidhani, akaishia hapo. Angepata nafasi saa nane, pengine saa tisa. Walimwekea hewa ya puani na kumketisha kwenye kiti koridoni, wima. Nilianza tena kupatana bei. "Sista, hata saa moja tu. Mwondoe mtu mmoja mapema, nusu saa huyu, nusu saa yule..." Sista, msichana wa umri wangu mwenye miguu iliyochoka, akaniuliza kwa upole, "Nimwondoe yupi? Nionyeshe." Kupitia mlango niliwaona, watu sita kwenye viti, kila mmoja na damu yake ikizunguka nje yake kwenye mipira. Mmoja alinipungia mkono. Nikarudi kwa Mama.

Hapo ndipo Ochieng' alipopiga simu kutoka Nairobi. Alikuwa amesikia gari limekufa, mtu wa Rabuor alikuwa amempigia. Alikuwa anapaza sauti. "Nani aliharibu hiyo gari? Si ilikuwa kwa fundi juzi? Nani?"

Nikasema, "Fundi."

Neno moja. Nililisema kwa sababu Mama alikuwa anahema kama mtu anayepanda mlima akiwa ameketi, na kwa sababu kama si fundi basi ni mimi, na sikuweza kuwa mimi na nibaki nimesimama. Ochieng' akasema atamshughulikia, akakata. Nilipogeuka Mama alikuwa ananitazama juu ya ule mpira wa hewa.

"Mimi ndiye nilikuwa juu ya injini," akasema.

Nikamrekebishia mpira. Tulikaa hivyo hadi saa nane na dakika ishirini.

Walipomweka kwenye mashine nilisimama miguuni pake. Pampu ilianza kuzunguka. Nilihesabu mizunguko hadi mia moja, nikaanza upya. Saa ya kwanza ilipita macho yake yakiwa yamefumbwa. Katikati ya saa ya pili pumzi ilianza kuwa ya kawaida, akayafumbua, akamwomba sista amgeuze kidogo, mapaja yanamuuma. Halafu akaniita karibu.

"Nitafutie kile chumba."

"Mama, ni kwa muda tu, gari ikishapona..."

"Usinipunguzie. Chumba cha chini, kisicho na ngazi. Nitalala huko." Akapumzika. "Na hiyo gari itengenezwe vizuri, kila kitu. Siyo ya kunileta. Ya kunirudisha. Siku ya kwenda kuzikwa nisikae hapo njiani Rabuor watu wakinimwagia maji."

Nilikuwa nimetaka akubali chumba kile tangu Januari. Nilipopata, nikashika ukingo wa kiti chake. Nikasema ndiyo, na sikuongeza neno.

Nilitoka nje hadi kwenye ukuta wa jua na kumpigia Maina. Alipokea mara ya kwanza.

"Fundi, ni mimi. Chukua wiki mbili. Chukua hata tatu."

Nyuma yake nilisikia nyundo ikigonga bati, mara mbili, kisha ikaacha.

"Kaka yako amenipigia," akasema. "Amenitukana na Kiswahili, akamaliza, akanitukana na Kijaluo. Nimemsikia yote."

Nilifungua mdomo. Sentensi ilikuwepo, nzima, ilikuwa na jina langu mwanzoni.

"Mama yako amefika kwa mashine?" akauliza.

"Amefika."

"Sawa. Hiyo gari iko wapi?"

"Rabuor. Kwa wale wamama wa mchele."

"Mtu asiiwashe," akasema Maina. "Naenda na kamba."